Sura ya 6: Mchezo wa Mwaka 1999 kwenye Linux ya Leo

Januari 2002, kampuni ya Loki Software ya Tustin, California, ilifunga milango. Ilikuwa imeanzishwa mwaka 1998 na Scott Draeker kwa lengo moja: kuchukua michezo ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows na kuifanya ichezeke kwenye Linux. Mchezo wake wa kwanza, Civilization: Call to Power, uliingia sokoni mwaka 1999, ukafuatwa na Railroad Tycoon II, Heroes of Might and Magic III, SimCity 3000 na mingineyo. Wapenzi wa Linux waliifurahia kazi hiyo, ila hawakuwa wengi kiasi cha kulipa mishahara. Agosti 2001 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na miezi mitano baadaye haikuwepo tena.

Walionunua diski zake walibaki nazo. Programu zilizomo hazijabadilika hata herufi moja tangu diski zilipotoka kiwandani. Lakini ukiiweka mojawapo kwenye kompyuta yenye Linux ya leo na kuiamuru ifanye kazi, kuna uwezekano mkubwa kwamba itagoma. Haijaharibika. Kilichotoweka ni mazingira yake: maktaba ilizozitegemea, njia ambayo sauti ilipitia kufika kwenye spika, hata aina ya prosesa iliyoandaliwa kwa ajili yake.

Sura hii inahusu kazi ya kuirudishia programu kama hiyo mazingira yake, na manufaa ya kazi hii yanavuka michezo. Maabara ina programu ya kusoma data za mashine ambayo mtengenezaji wake aliacha biashara. Ofisi ina mfumo wa hesabu ulioandikwa na mtu ambaye hapatikani tena. Mwandishi ana miswada aliyoiandika kwa WordPerfect 8 ya Linux, iliyotolewa na Corel mwaka 1998. Wote wana swali lilelile, na jibu lake limejengwa juu ya kanuni moja ambayo ningependa msomaji aishike: usiurudishe nyuma mfumo mzima kwa ajili ya programu moja. Iletee programu hiyo vitu vyake vya zamani, uviweke karibu yake peke yake.

Kerneli na maktaba

Linux, kwa maana kamili ya jina hilo, ni kerneli: sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayogawa kumbukumbu, kusoma diski na kupanga zamu za prosesa. Linus Torvalds alianza kuiandika Helsinki mwaka 1991, na miaka yote hii ameshikilia sheria moja bila kulegea: badiliko la kerneli lisiharibu programu iliyokuwa ikifanya kazi jana. Msanidi anayeivunja hukemewa hadharani na badiliko lake huondolewa, hata kama yeye anaamini kosa ni la programu. Ndiyo maana maombi ambayo mchezo wa mwaka 1999 huyapeleka kwa kerneli, nifungulie faili hii, nipe kumbukumbu kiasi hiki, bado yanajibiwa leo vilevile.

Sheria hiyo ina ukomo, lakini ni ukomo wa mbali sana. Programu za kwanza za Linux zilihifadhiwa kwa umbo la faili liitwalo a.out. Katikati ya miaka ya 1990 umbo jipya, ELF, likachukua nafasi yake. Hata hivyo kerneli iliendelea kuzielewa faili za a.out hadi mwaka 2022, wakati karibu kila mtu alikuwa ameshazisahau.

Kwa hiyo chanzo cha mgomo si kerneli. Ni maktaba, yaani faili zenye kazi zilizokwisha kuandikwa ambazo programu nyingi huzitumia kwa pamoja: kuonyesha maandishi, kufungua picha, kusimba mawasiliano. Maktaba ya namna hii ni kama kisima cha mtaa, kikisafishwa mara moja nyumba zote zinapata maji safi. Udhaifu wa usalama ukigunduliwa ndani yake, unazibwa mahali pamoja na programu zote zinapona. Faida hiyo ina gharama yake. Wenye maktaba wakibadilisha namna ya kuitumia, programu isiyobadilika inabaki mikono mitupu.

Tena, maktaba hazina mlezi mmoja mwenye sheria moja. Mwaka 1997 maktaba iliyo mama wa zote, ile ya lugha ya C, ilibadilishwa kutoka libc5 kwenda glibc 2. Kati ya distro, yaani matoleo ya Linux yanayokusanya kerneli na programu pamoja, Red Hat Linux 5.0 ilihama Desemba mwaka huo, na Debian ikafuata Julai 1998. WordPerfect 8 ilikuwa imejengwa kwa libc5, hivyo tangu siku zake za mwanzo ilihitaji maktaba ya zamani iwekwe kando ya mpya. Lugha ya C++ nayo ikapita njia hiyohiyo: libstdc++.so.5 iliachwa mwaka 2004, ikaja libstdc++.so.6.

Zitazame namba zilizo mwishoni mwa majina hayo, kwa sababu ndizo zinazotuokoa. Maktaba ikibadilika kiasi cha kutooana na programu za awali, namba hupandishwa. Faili mbili zenye majina tofauti zinaweza kukaa kwenye kompyuta moja bila kugombana, na kila programu ikaomba ile iliyozaliwa nayo. Maktaba za uoanifu ni hizo tu: nakala za maktaba za zamani, zilizohifadhiwa kwa majina yake ya asili, zikisubiri programu zinazoziulizia. Red Hat walisambaza kifurushi kiitwacho compat-libstdc++-33, na Debian wakatunza libstdc++5 kwa miaka mingi, vyote kwa ajili ya programu za kabla ya mwaka 2004.

Faili ipo, kompyuta inasema haipo

Tuchukue programu moja ya biti 32 ya wakati wa Loki, tuipe jina mchezo, tuijaribu kwenye Debian ya biti 64. Tunafungua terminali, tunaingia kwenye folda yake na kuandika ./mchezo. Jibu linakuja papo hapo: hakuna faili wala folda ya jina hilo. Tunaandika ls, na faili tunaiona palepale, ruhusa zake zote zimekamilika.

Ujumbe huu umewakatisha tamaa watu wengi wakaishia hapo. Maelezo yake ni mafupi. Karibu na mwanzo wa faili ya programu imeandikwa njia ya faili nyingine, /lib/ld-linux.so.2. Hicho ni kipakiaji, kifaa kinachozikusanya maktaba zote kabla programu haijaanza. Kerneli inaisoma njia hiyo na kukitafuta kipakiaji, lakini mfumo wa biti 64 una kipakiaji chake chenye jina jingine, na kile cha biti 32 hakijasakinishwa. Faili inayosemwa haipo ni kipakiaji hicho. Mchezo wenyewe hauna tatizo.

Kwenye Debian na Ubuntu dawa ni amri tatu, ambamo i386 ni jina la usanifu wa biti 32, zikiendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi:

dpkg --add-architecture i386
apt update
apt install libc6:i386

Kwenye Fedora inatosha kuandika dnf install glibc.i686. Tukirudia ./mchezo, ujumbe unabadilika: sasa inatajwa maktaba fulani kwa jina kwamba haikupatikana. Hiyo ni hatua kubwa mbele, maana tunajua cha kutafuta. Amri ldd ./mchezo inatupa orodha nzima, maktaba moja kila mstari, na mbele yake mahali ilipopatikana au taarifa kwamba haipo. Tahadhari moja: katika mazingira fulani ldd inaweza kuiendesha programu yenyewe. Kama huiamini programu, tumia objdump -p na usome mistari inayoanza na neno NEEDED.

Orodha ikishapatikana, tunaishughulikia jina kwa jina. Baadhi ya maktaba zipo bado kwenye hazina ya distro, zinahitaji tu kuongezewa :i386 mwishoni mwa jina la kifurushi. Nyingine zina kifurushi cha uoanifu. Zilizobaki hutafutwa kwenye hifadhi za matoleo ya zamani. Debian wana hifadhi iitwayo snapshot.debian.org, yenye vifurushi vya tangu mwaka 2005. Kifurushi cha namna hiyo hakisakinishwi. Kinafunguliwa kwa dpkg-deb -x, inachukuliwa faili moja inayotakiwa, inawekwa kwenye folda iliyo kando ya mchezo. Kisha mchezo unaanzishwa kwa mstari huu:

LD_LIBRARY_PATH=/opt/mchezo/maktaba /opt/mchezo/mchezo

Mstari huo unakiambia kipakiaji kitazame kwanza kwenye folda hiyo, na amri hiyo inahusu mchezo huo tu. Uuandike kwenye faili ndogo ya kuanzishia. Usiuweke kamwe kwenye mipangilio ya mfumo mzima, la sivyo kila programu, pamoja na zile za mfumo wenyewe, itaanza kunywea maktaba za zamani na utashinda ukitafuta chanzo cha hitilafu zisizoeleweka.

Kuna njia ya mkato inayosambazwa sana, nayo ni hatari: programu inaomba libssl.so.1.0.0, mtu anatengeneza kiungo chenye jina hilo kinachoelekeza kwenye maktaba mpya yenye namba nyingine. Kipakiaji kinadanganyika, lakini namba ilipandishwa kwa sababu maalumu. Mpangilio wa data ndani ya maktaba mpya ni tofauti, na programu itaandika kitu mahali pasipo pake. Ikianguka mara moja, una bahati. Ikiendelea huku ikiharibu hesabu zako kimyakimya, hutajua hadi imekuwa msiba.

Programu ikihitaji hata glibc ya zamani

Glibc yenyewe ina adabu kuliko maktaba nyingi. Jina lake, libc.so.6, halijabadilika tangu mwaka 1997, kwa sababu kila kazi iliyomo ndani yake ina alama ya toleo. Kazi ikibadilishwa, ile ya zamani hubaki na alama yake ya zamani, na programu ya zamani huipata hiyo.

Jinsi alama hizo zinavyomlinda mtumiaji ilionekana mwaka 2010. Kazi iitwayo memcpy hunakili data kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyingine, na kanuni zake zinasema sehemu hizo mbili zisipandane. Kicheza video cha Adobe Flash cha biti 64 kilikuwa kikiivunja kanuni hiyo bila madhara, kwa kuwa memcpy ya wakati huo ilinakili kuanzia mwanzo kwenda mwisho. Kisha glibc ikapata memcpy ya kasi zaidi ambayo, kwenye baadhi ya prosesa za Intel, ilinakili kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Watumiaji wa Fedora 14 wakasikia sauti za kukwaruza badala ya muziki. Kwa mujibu wa kanuni, mkosaji alikuwa Flash. Torvalds mwenyewe aliingia kwenye mjadala akasimama upande wa mtumiaji, ambaye jana alikuwa na sauti safi na leo hana. Suluhisho lilikuja na glibc 2.14 mwaka 2011: memcpy mpya ikapewa alama GLIBC_2.14, na programu zote zilizokwisha kujengwa zikabaki na alama ya awali, inayoelekezwa kwenye namna salama ya kunakili hata sehemu zikipandana. Kila programu mpya ilipata kasi, na hakuna ya zamani iliyotupwa.

Michezo ya Loki ilitangulia sehemu ya ustaarabu huo. Mwaka 2003 Red Hat Linux 9 ilileta njia mpya ya kuendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja, na programu za zamani zilizoitafuta alama ya makosa iitwayo errno kwa njia ya awali zikakwama. Kwa muda watu walitumia kigezo LD_ASSUME_KERNEL kuchagua njia ya zamani, hadi glibc ilipoiondoa mwaka 2006. Baada ya hapo wapenzi wa michezo hiyo wakajikusanyia seti ya maktaba za uoanifu ya Loki, yenye glibc ya zamani pamoja na kipakiaji chake. Ni lazima viwili hivyo viende pamoja, kwa sababu kipakiaji na glibc hujengwa kwa wakati mmoja na kila kimoja kinazijua siri za mwenzake. Mchezo unaanzishwa kwa kukiita kipakiaji cha zamani moja kwa moja, kikiongezewa --library-path na njia ya folda. Glibc ya mfumo haiguswi. Mtu anayeibadilisha glibc ya mfumo ili kuridhisha programu moja anaweza kujikuta hata ls haifanyi kazi.

Sauti, picha, na urithi wa pili wa Loki

Mchezo ukianza, huenda ukawa bubu. Mwaka 1999 programu za Linux zilitoa sauti kwa kuandika kwenye faili maalumu /dev/dsp ya mfumo wa OSS. ALSA ikachukua nafasi hiyo kwenye kerneli ya 2.6, Desemba 2003, na /dev/dsp ikatoweka kwenye kompyuta nyingi. Daraja lake ni programu ndogo kama aoss ya ALSA au padsp ya PulseAudio: unaandika padsp ./mchezo, nayo inajipenyeza kati ya mchezo na mfumo, inayapokea maombi ya /dev/dsp na kuyapeleka kwenye njia ya kisasa. Kwa mchezo wa biti 32, nayo lazima iwe ya biti 32.

Kwenye picha ndiko tunakokutana na jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote katika historia hii. Loki iliacha urithi wa aina mbili. Wa kwanza ni michezo, iliyofungwa, ambayo baada ya kampuni kufa hapakuwa na mtu wa kuijenga upya. Wa pili ni SDL, maktaba ya picha, sauti na vitufe ambayo Sam Lantinga, msanidi mkuu wa Loki, aliitoa mwaka 1998 msimbo wake ukiwa wazi. Kampuni ilikufa, SDL haikufa. Imeingia kwenye michezo isiyohesabika, ikafika SDL 2, kisha SDL 3 mwaka 2025.

Na ilipofika wakati wa kuiacha SDL 1.2, programu zake hazikutelekezwa. Ryan C. Gordon, ambaye naye alipita Loki, aliongoza ujenzi wa sdl12-compat: maktaba yenye jina na milango ya SDL 1.2, lakini ndani yake kazi inafanywa na SDL 2. Programu ya zamani inadhani inaongea na rafiki yake wa siku zote, kumbe inapata skrini, sauti na vidhibiti vya kisasa. Fedora iliifanya kuwa chaguo lake la kawaida kuanzia toleo la 35, mwaka 2021. Hii ni bora kuliko kutunza nakala ya zamani, kwa kuwa chini yake kuna msimbo unaoendelea kurekebishwa, na imewezekana kwa sababu moja tu: msimbo uko mikononi mwa watu.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunahusika hapa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Zilijengwa juu ya OpenOffice.org, yenye msimbo wazi, na kwa hiyo kazi ya namna hiyo ina njia mbili za kuendelea kuishi: maktaba za uoanifu kwa nakala iliyokwisha kujengwa, na msimbo wa kujengea nakala mpya. Kila taasisi ya Afrika Mashariki inayolipia programu ya kuandikwa mahususi kwa ajili yake iandike kwenye mkataba kwamba msimbo utakabidhiwa kwake. Bila hilo, inanunua kitu ambacho uhai wake uko mikononi mwa mtu mwingine.

Hatari, na kuta za kuizuia

Maktaba ya zamani huja na majeraha yake. Udhaifu wa Heartbleed, uliotangazwa Aprili 2014, uliruhusu mtu wa mbali kuisoma kumbukumbu ya kompyuta iliyotumia OpenSSL 1.0.1 hadi 1.0.1f. Tawi la mwisho la familia hiyo, 1.0.2, liliacha kupokea viraka vya hadharani mwishoni mwa mwaka 2019. Ukiichota libssl ya enzi hizo ili programu yako iamke, umeufungua na mlango huo. Kwa programu inayofanya kazi na faili za ndani tu, hatari ni ndogo. Kwa inayozungumza na intaneti, jibu langu ni hapana, isipokuwa ukiijengea ukuta.

Ukuta huo ni kontena. Ndani yake unaweka distro ya zamani nzima, pamoja na maktaba zake zote, huku kerneli ikibaki mpya. Programu inaziona faili za enzi zake, na kwa Docker, programu ya kuendesha kontena, kigezo --network none kinaikatia intaneti kabisa. Hata hapa kuna mtego mmoja: distro kama CentOS 6 hutumia njia ya kale ya kuiuliza kerneli saa, iitwayo vsyscall, ambayo kerneli nyingi za sasa huizima kwa ajili ya usalama. Kontena inakufa mara tu inapoanza, bila maelezo. Ukiianzisha kompyuta kwa kuipa kerneli kigezo vsyscall=emulate, inaamka.

Nani anaamua programu ya zamani iishi?

Juni 2019 Canonical, kampuni yenye Ubuntu, walitangaza kwamba Ubuntu 19.10 haitakuwa na vifurushi vya biti 32. Kwa mtazamo wa fundi ulikuwa uamuzi wenye mantiki: kutunza vifurushi ni kazi, na kompyuta za biti 32 pekee zimekuwa chache. Lakini maelfu ya michezo ya Steam, duka la michezo la Valve, ni ya biti 32, na mhandisi wa Valve akasema hadharani kwamba Steam haitaiunga mkono Ubuntu hiyo. Ndani ya wiki moja Canonical walirudi nyuma na kukubali kuendelea kutunza maktaba teule za biti 32. Watumiaji walisema wanachohitaji, wakasikilizwa.

Miaka michache baadaye Debian walikutana na swali gumu zaidi. Mifumo mingi ya biti 32 huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, na hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi na sekunde 7 kwa saa za Afrika Mashariki. Katika Debian 13 ya mwaka 2025 walipanua hesabu ya muda kwenye usanifu wa prosesa uitwao armhf ili uvuke tarehe hiyo. Kwenye i386 waliiacha ilivyo kwa makusudi. Kazi kubwa iliyobaki ya i386 ni kuendesha programu zilizokwisha kujengwa, na programu hizo zinaijua hesabu ya zamani tu. Wangeipanua, wangezivunja.

Uamuzi huo naona ni wa haki, lakini unatuachia jukumu. Baada ya Januari 2038 programu hizo zitahitaji kudanganywa tarehe, kwa kifaa kama libfaketime, na hesabu zozote zinazotegemea siku halisi hazitaaminika. Kwa hiyo mwenye programu ya zamani aliyoifufua leo asitosheke kuiona ikifanya kazi. Afanye mambo matatu wiki hiyohiyo: ahifadhi programu na folda yake ya maktaba pamoja, mahali pawili tofauti, aandike kwenye faili ya maandishi ya kawaida kila amri aliyoitumia, na atoe data zake zote kwenye muundo ulio wazi, ambao programu nyingine inaweza kuusoma. Maktaba za uoanifu zinatununulia miaka. Miaka hiyo ni ya kuhama kwa utulivu, na anayeitumia vizuri hatapoteza chochote cha thamani siku mlango wa mwisho wa biti 32 utakapofungwa.